Mwamba wa pima 17 magharibi ya Kigomasha: tunaufikiaje kutoka pwani?

Konde_Kaskazini

Assalamu alaykum wazamiaji. Kuna mwamba mmoja uliojitenga, magharibi ya rasi ya Kigomasha, Pemba. Jina lake silitaji hapa, ndio kula ya wavuvi wa mshipi ile. Wanasema uko pima 17, kiasi cha mita 350 nje ya ukingo wa tumbawe la pwani, na pembeni mwote mchanga mtupu. Alama walizotupa ni mbili: mnara wa taa ukae juu ya mvinje mrefu, na paa la bati lifichwe na mnazi uliopinda. Tunazo pia namba za jipiesi kwenye karatasi. Latitudo inaishia "52 50". Zilizobaki niachieni mwenyewe.

Tuko wawili. Kila mmoja ana mtungi wa lita 12 wenye baa 200, kompyuta ya mkononi, dira, rili ya kamba ya mita 30 na boya la kupuliza. Boti hatuna. Tukifuata namba na kushuka, tunatua mchangani mita 33, hata jiwe hakuna. Tunakosea wapi katika kuutafuta? Hewa hiyo inatosha kwenda na kurudi? Na siku gani za mwezi maji yanaruhusu? Nauliza kutokea ufukweni, boti za watalii najua zipo.

Bildi

Waalaykumu salaam. Anza na hiyo karatasi kabla hujalaumu mwamba.

"52 50" inasomeka namna mbili. Ama ni dakika 52 na sekunde 50, ama ni dakika 52.50, yaani dakika 52 na nusu, ambayo ni dakika 52 na sekunde 30. Tofauti ni sekunde 20, na sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31. Ukiisoma vibaya umejitupa zaidi ya mita 600. Sisi tuko kusini ya ikweta, namba ikikua ndivyo unavyokwenda kusini, kwa hiyo ikiwa aliyeandika alikusudia 52.50 na wewe umeingiza sekunde 50, unazamia mita 600 kusini ya mahali penyewe. Mashine za jipiesi za baharini kwa kawaida huonesha dakika zenye desimali, na simu nyingi huonesha digrii zenye desimali. Ingia kwenye mipangilio, chagua digrii na dakika zenye desimali, kisha ingiza upya latitudo na longitudo zote mbili. Wapo wanaoandika 4.5250 wakidhani ni kitu kile kile. Hiyo inakupeleka karibu kilomita 40 kaskazini, ukawasalimie Wakenya.

Halafu pima. Pima ya mvuvi ni mikono yake miwili iliyonyooshwa. Mfupi yake ni mita 1.6, mrefu 1.8, kwa hiyo pima 17 ni popote kati ya mita 27 na 31. Mshipi nao ukivutwa na mkondo hujikunja tumbo ukatoa namba kubwa kuliko kina chenyewe, na hujui kama alipima maji yamejaa au yamekupwa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti hiyo huweza kufika mita 4. Usiutafute mwamba kwa kina peke yake.

Alama za pwani ni nzuri, ila aliyekupa alikuwa amesimama ndani ya ngalawa, jicho lake lipo mita 2 juu ya maji. Wewe unaelea na mtungi mgongoni, jicho lako sentimita 20 tu. Wimbi la nusu mita linatosha kukufichia paa la bati. Mnara utauona, paa hulioni, ukabaki na mstari mmoja, na mstari mmoja haukupi mahali. Tazama pia alama ya mbele na ya nyuma zimeachana kiasi gani. Mvinje ukiwa kilomita 1 kutoka kwako na mnara uko mita 100 tu nyuma yake, basi ukisogea mita 10 pembeni utauona mnara umeuhama mvinje kwa chini ya mita 1. Nani ataona hilo huku anakunywa maji ya chumvi? Mnara ukiwa kilomita nzima nyuma ya mvinje, mwendo ule ule wa mita 10 unaonekana kama mita 5, na huo mtu anauona.

Kwa hiyo utafutaji ufanyike juu ya maji, na kwa bildi, risasi ya kamba ya kupimia kina.

Chukua risasi ya mkanda ya kilo 1, au chubwi kubwa, uchoronge shimo upande wa chini, upana wa kidole gumba na kina cha sentimita 1. Kamba iwe ya naironi ya milimita 3, urefu mita 45. Iloweke usiku kucha na uivute kwanza, ndipo uitie alama, maana naironi mpya hubadilika urefu ikishakunywa maji. Fundo kila mita 5, kitambaa kimoja mita 10, viwili mita 20, vitatu mita 30. Ndani ya lile shimo finyanga sabuni ya mche mpaka ijae na ichomoze kidogo. Grisi inafaa pia ikiwa nzito. Nyepesi huoshwa njiani.

Ishushe iguse, inyanyue nusu mita, iguse tena, mara tatu. Mchangani kamba inalegea taratibu, kama umeuweka mkono kwenye unga. Mwambani unapata pigo kavu, na pigo la pili linaweza kuja mita 2 juu au chini ya la kwanza kwa sababu risasi imeangukia ngazi nyingine. Ukiipandisha tazama sabuni. Punje za mchanga zimeganda, basi ni mchanga. Imerudi safi lakini imebonyea au imekwaruzika, pengine na kichembe cheupe cha tumbawe, hapo ndipo. Mtungi bado uko ufukweni na hujatumia hata baa moja.

Kwa kazi hii tafuteni ngalawa ya saa mbili, au mmoja alalie tyubu ya lori bahari ikiwa shwari kabisa. Tupeni dumu lenye uzito penye namba za jipiesi, kisha pimeni kwa mistari mitano iliyoachana mita 10, na katika kila mstari shusheni bildi kila mita 10. Mwamba wa upana wa mita 15 hauponyoki kwenye matundu ya mita 10. Kamba ya bildi isimame wima. Ikilala, wapiga makasia warudi nyuma mpaka isimame.

chumvi_tupu

Bildi, hayo yote ya nini? Dira ipo. Wapige mwelekeo kutoka ukingoni, wahesabu mapigo ya mapezi, wafuate mteremko chini kwa chini mpaka mwambani. Mita 350 si mbali.

Mtungi12

@chumvi_tupu si mbali kwa mguu. Kwa mapezi, chini ya maji, mtu aliyetulia huenda kama mita 15 kwa dakika. Mita 350 ni dakika 23. Kikomo cha kukaa mita 30 bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, kwa jedwali la kawaida la uzamiaji wa burudani, ni dakika 20. Mita 35 ni dakika 14. Atafika mwambani muda umekwisha na hewa imekwisha, bado kurudi. Na mkondo wa pembeni wa mita 5 tu kwa dakika utakuwa umemhamisha mita 115 bila dira kusema neno, maana dira inakwambia unakotazama, haikwambii unakopelekwa.

Sasa hesabu yenyewe ya hewa, ndugu wa Konde. Lita 12 kwa baa 200 ni lita 2,400. Anza kutoa akiba, ndipo uone kilichobaki cha kutumia.

Akiba ni ya watu wawili mtungi mmoja, wote wameshtuka, kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji. Pamoja ni 60. Mita 30 shinikizo ni baa 4, dakika moja ya kutatua tatizo ni lita 240. Kupanda kutoka mita 30 hadi 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika ni dakika 3 kamili ukizikweza, wastani wa shinikizo baa 2.75, lita 495. Dakika 3 za kusimama mita 5 ni lita 270. Dakika ya mwisho kwenda juu, lita 75. Jumla 1,080, gawa kwa 12, baa 90. Geji ikisoma 90 mnaondoka chini, hata kama chewa mkubwa ndiyo kwanza anatoka pangoni.

Zimebaki baa 110, lita 1,320. Kushuka dakika 2 kwa anayevuta lita 18 ni lita 90 hivi. Chini anatumia 18 mara 4, lita 72 kwa dakika. Zilizobaki 1,230 zinampa dakika 17. Jumlisha na za kushuka, dakika 19, karibu sawa na kikomo cha jedwali. Mtungi huo kwa kina hicho unatosha mbizi moja ya wima: shuka, tazama, panda. Matembezi ya kwenda na kurudi hayamo. Mvutaji wa lita 25 atapata dakika 12 tu, kwa hiyo kila mtu apime uvutaji wake mwenyewe kabla ya siku hiyo: kaa mita 10 dakika 10 ukiogelea, chukua baa ulizotumia, zidisha kwa 12, gawa kwa 20. Jibu ni lita zako kwa dakika.

Mnapokwenda, ogeleeni juu ya maji kwa mrija, jaketi limejaa hewa, rigulata mfukoni. Kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika ni robo saa. Mkifika kwenye boya pumzikeni dakika 5 kabla ya kushuka. Anayeshuka akihema hulewa naitrojeni mapema, na kule mchangani hakuna wa kumwambia amelewa.

Kama mnaweza kupata naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 32, muda wenu unarefuka lakini kikomo chake ni mita 33 kwa shinikizo la oksijeni la 1.4. Nyinyi mmeshatua 33 kamili. Mimi ningechukua asilimia 28, ambayo inafika mita 40, na ningepima mtungi kwa mkono wangu mwenyewe kabla ya kuufunga.

Kusi_na_Kaskazi

Mtungi12 kasema ya hewa, mie naongeza ya maji, kwa sababu pale Kigomasha maji ndiyo yanayoua.

Mkondo mkuu wa mlango wa Pemba unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi unazidi nguvu. Nyinyi mko karibu na ncha ya kisiwa. Ukikosa kutoka ukapitishwa mbele ya mnara, hakuna ufukwe mwingine unaokungoja, ni bahari kuu. Mtu anayeteleza Nungwi bado ana nchi pande mbili. Wa Kigomasha hana. Basi sharti la kwanza: juu ya mwamba awepo mtu na ngalawa, muda wote mko chini. Mmetaka kutokea ufukweni, sawa, tokeni ufukweni. Ngalawa ni ya kukaa kwenye boya na kuangalia mapovu. Mpeni nahodha saa ya kushuka na saa ya mwisho ya kuonekana, mumwambie pia boya la rangi gani ni la kawaida na lipi ni la shida.

Sharti la pili ni siku. Msiende bamvua. Maji mafu yanaangukia kama tarehe 9 hadi 11 na 23 hadi 25 za mwezi mwandamo, siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa nusu. Siku hizo maji yanajaa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kukupwa ni ndogo. Bamvua ni kinyume: saa nne asubuhi ndipo maji yamekupwa kabisa, na mkirudi mtatembea na mitungi juu ya matumbawe makavu na mashokomzoba. Ingieni saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, mpande yakiwa yamesimama au yanakaribia kusimama. Ila kusimama kwa maji ufukweni hakumaanishi kusimama kwa maji nje ya ukingo. Nje yapimeni.

Kupima: funga kamba ya mita 10 kwenye dumu la mwambani, tupa dafu pale kwenye dumu na uhesabu sekunde mpaka lifike mwisho wa kamba. Dafu ni bora kuliko chupa kwa sababu limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Sekunde 40 ni mita 15 kwa dakika. Hapo mwendo wenu wa chini na mwendo wa maji vimelingana, mkipiga mapezi mnabaki mlipo. Likifika chini ya sekunde 40, rudini nyumbani. Sekunde 90 na zaidi, shukeni.

Kusi ufuko wa magharibi umekingwa na kisiwa, maji yanaonekana shwari, ndipo watu wanapodanganyika, mkondo haukukingwa. Kaskazi mawimbi huzunguka rasi yakaingia upande huo. Nafasi nzuri ni matlai, baina ya pepo hizo mbili.

La mwisho, upande wote huo wa magharibi ni eneo la hifadhi la mlango wa Pemba, PECCA. Lipeni ada, na mpitie kwa sheha na kamati ya wavuvi kabla ya kutupa dumu juu ya mwamba wao. Dumu geni baharini hukatwa kamba, na wana haki.

Konde_Kaskazini

Ahsanteni sana. Nimeangalia simu: nilikuwa nimeingiza sekunde 50. Kwa hiyo Bildi kapatia, au angalau sasa nina mahali pawili pa kupima.

Mawili yamebaki. Dumu la mwambani liwe la ukubwa gani, maana la lita 20 tulilojaribu lilihama na jiwe lake. Na tukishuka kwa kamba tukakuta bado ni mchanga, tufanye nini?

Bildi

Dumu la lita 20 linaelea kwa nguvu ya kilo 20. Jiwe la zege la kilo 10 likiwa ndani ya maji lina uzito wa kilo 6 hivi tu. Mkondo ukilivuta dumu, dumu linashinda. Fanya kinyume: dumu dogo, uzito mkubwa. Dumu la lita 5 na chuma cha kilo 10, ambacho majini kinabaki na kilo 8 na zaidi. Likizamishwa na mkondo hadi mita 10 litabonyea na kubaki na nusu ya hewa yake. Hiyo nayo ni habari, ukifika hulioni dumu basi siku hiyo si ya kuzama. Kamba mita 40, ziada ifungwe kishada chini ya dumu isije ikazunguka mtu. Chuma kitue mchangani kando ya mwamba, si juu yake. Msitumie nanga ya makucha, itang'oa tumbawe na haitarudi.

Dumu likishakaa, elea hapo hapo na jicho lako la sentimita 20, uchague alama zako mwenyewe. Vitu virefu tu: mnara, mnazi uliozidi wenzake, mgongo wa msitu wa Ngezi. Piga picha kila mstari. Alama za mvuvi mrudishie mwenyewe.

Mtungi12

La pili. Mkitua mchangani, fungeni rili kwenye chuma, mtoe mita 15 kuelekea mkondo unakotoka, kisha mzunguke nusu duara tu. Duara zima la kamba ya mita 15 ni mita 94, zaidi ya dakika 6, theluthi ya muda wenu imekwenda kwenye mchanga. Nusu ni dakika 3, na mkiona mita 15 mbele mtakuwa mmechungulia hadi mita 30 kutoka kwenye chuma. Tazameni zaidi ya mwamba wenyewe: vipande vya tumbawe vilivyosambaa, makundi ya samaki wadogo yaliyosimama juu ya kitu msichokiona. Ule mlio wa kukatakata kama mafuta ya kukaangia unaongezeka karibu na tumbawe, lakini usiufuate. Sauti majini inakwenda mara nne na zaidi ya mwendo wake hewani, sikio halijui inatoka upande gani.

Dakika 5 tangu kugusa chini, mwamba haupo, rudini kwenye kamba mpande. Msifungue rili mita 30 zote. Baada ya kusimama mita 5 mtakuwa na baa 65 hadi 70 kila mmoja ikiwa mliondoka kwa 90 bila tatizo. Hizo mnaweza kurudi nazo mkiwa mita 5 kufuata dira kuelekea ukingoni, mkipanda juu zikibaki 30.

Na ufukweni kuwe na oksijeni ya huduma ya kwanza. Mtungi wa lita 10 wenye baa 200, kwa lita 15 kwa dakika, ni saa mbili na dakika kidogo. Kutoka Kigomasha kupitia Ngezi na Konde hadi Wete hizo saa mbili si nyingi. Gari liwe limeshageuzwa. Ndege ya kwenda Unguja isiwe siku hiyo: saa 12 kwa mbizi moja, 18 mkizamia zaidi ya mara moja.

chumvi_tupu

Sawa, nimekubali ya dira. Lakini hiyo sabuni ya mche, haiyeyuki kabla ya kufika chini?

Bildi

Mita 30 bildi inashuka chini ya dakika moja. Sabuni iliyokauka vizuri inavumilia mara 20 au 30, kisha unafinyanga nyingine. Ile laini ya kuogea ndiyo inayeyuka.